Saa Iliyosimama Lwangisi

Mama Ikupa alifika chumba cha mitambo na mtoto mgongoni na shida ambayo hakujua aiiteje. Alivua kandambili mlangoni, kama walivyofanya wote walioingia humo, ingawa hakuna aliyewahi kuwaambia wavue, akasimama kimya akingoja Subilaga ageuke.

"Karibu, Mama Ikupa."

"Nimekaribia, Mama Gwakisa. Habari za kazi?"

"Nzuri. Kinakusumbua?"

Hakuhitaji kutaja ni kitu gani. Watu wa Lwangisi walimwendea Subilaga kwa jambo moja tu, kituliza, ile chembe ndogo kama punje ya ulezi waliyopandikizwa nyuma ya sikio mwaka ule mlima ulipoporomoka juu ya kiwanda cha chai na shule iliyokuwa pembeni yake. Wengine kilikuwa kinawasha wakati wa mvua, wengine kilikuwa kinashika redio ya Malawi wakasikia mahubiri wakiwa shambani. Subilaga alikuwa msimamizi wa mitambo yote ya mji, tangu mnara wa mawasiliano hadi pampu za maji, na vituliza vilikuwa sehemu ya kazi kama pampu.

"Hakinisumbui," alisema Mama Ikupa. "Labda ndiyo shida yenyewe." Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka sakafuni. Mtoto akaketi mwenyewe, akaanza kuvuta waya. "Huyu. Namnyonyesha, namwogesha, akilia usiku naamka. Sina ubaya naye hata kidogo. Sasa juzi dada yangu kaja kutoka Kyela, kamnyanyua, kambusu shingoni, kaanza kucheka peke yake mpaka machozi yanamtoka. Mimi nimekaa pale namwangalia. Nikasema, kumbe hapa kuna kitu, mbona mimi sikioni?"

"Anaitwa nani?"

"Bado."

Mtoto alikuwa na meno mawili. Subilaga alifungua kadi yake ya kliniki kwenye skrini, akaona muuguzi ameandika Mtoto wa Tuntufye, kwa jina la mama mwenyewe, na chini yake uzito wa kila mwezi, unaopanda vizuri. Hakukuwa na la kulaumu. Mtoto alitunzwa kama bustani ya mtu makini.

"Nikadhani labda kinavuja," alisema Mama Ikupa. "Kinamwaga dawa nyingi. Nipimie."

Subilaga alichukua kisomeo, akakisogeza nyuma ya sikio la yule mama, akasoma. Betri nzima. Leseni hai. Kipimo sawasawa. Mstari wa mwisho uliandika: siku ya kwanza kati ya tisini. Mstari huo ulikuwa hivyohivyo kwa kila mtu mjini, naye ndiye aliyeuandika uwe hivyo. Kwa miaka mitatu alikuwa akiuona na kuridhika, maana ulimaanisha ujanja wao bado unafanya kazi.

Safari hii macho yake yalibaki pale.

*

Ujanja wenyewe ulikuwa wa kizee, wenye umri sawa na biashara ya kuuza programu. Baada ya maporomoko, kampuni fulani ya ng'ambo ilileta vituliza kwa mkopo wa ubinadamu, kama ilivyopenda kuuita. Leseni ilikuwa ya siku tisini. Zikiisha, anayetaka kuendelea alipie. Na nani angelipia? Kiwanda kilikuwa chini ya udongo, na watu walikuwa bado wanachimba kwa majembe wakitafuta watu wao.

Ndipo Subilaga na mwenzake Ambwene Kajuni wakakaa mbele ya mitambo wakatafuta njia. Kufuli la programu liliwashinda. Lakini Ambwene aligundua kwamba kila alfajiri chembe huuliza mnara swali moja tu: leo ni tarehe gani? Mnara nao huuliza seva ya mji. Na seva ya mji ilikuwa mikononi mwao. Wakaongeza mstari mmoja unaoifanya ijibu, kila alfajiri, tarehe ileile ya siku vituliza vilipowashwa. Leseni haiwezi kuisha ikiwa kesho haifiki. Mji mzima ukashangilia, au ungeshangilia kama ungeweza, na Ambwene akaitwa shujaa na watu waliosema neno hilo kwa sauti ya kuomba chumvi.

Tarehe za kweli ziliendelea kwingine kote: kwenye simu, kwenye kalenda za kanisa, kwenye mbegu. Nyuma ya masikio tu ndiko saa iliposimama.

Swali ambalo hawakujiuliza, na hili ni kosa ambalo watu wa mitambo peke yao ndio wanaoweza kulifanya, ni kwa nini chembe ilitaka kujua tarehe. Kwao tarehe ilikuwa kufuli, na kufuli lipo la kuchakachuliwa. Jioni ile, Mama Ikupa alipokwisha kwenda, Subilaga aliyafungua maelekezo ya kitabibu yaliyokuwa ndani ya kifurushi tangu mwanzo, yale ambayo fundi huyaruka ili afike kwenye namna ya kusimika. Yalieleza jambo jepesi. Siku ya kwanza chembe huziba karibu kila kitu, ili mtu aweze kula, kulala na kuzika. Siku ya pili hulegeza kidogo. Siku ya tatu kidogo tena. Ikifika ya tisini inalala yenyewe, na mtu anabaki na msiba wake mikononi, mzito lakini wa kubebeka. Mwandishi alikuwa ameongeza onyo kwamba chembe haina njia ya kuchagua. Mlango inaouziba kuzuia huzuni ndio huohuo mapenzi yanapopitia.

Watu wa Lwangisi walikuwa kwenye siku ya kwanza kwa miaka mitatu.

Subilaga alikaa akangoja ashtuke. Hakushtuka. Alijua kwamba hili lilikuwa jambo la kushtua, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Akafunga ofisi, akaenda nyumbani, akafagia. Pale mlangoni palikuwa na buti za mvua za Gwakisa, za kijani, mahali alipozivulia siku ya mwisho. Akafagia kuzizunguka kwa uangalifu, kama alivyofanya kila siku.

*

Kila Jumamosi mchana mafundi wa mji walikutana nyuma ya jengo la mitambo wakachoma mahindi na kubishana. Kijiwe hicho kilikuwa kimepigania kila kitu kinachopiganiwa na watu wa kazi hiyo. Kama ni haki msimamizi kusoma mambo ya watumiaji kwa sababu tu anaweza. Kama mtambo ambao haujazimwa mwaka mzima ni fahari au ni uvivu. Ambwene alikuwa upande wa fahari. Seva ya saa haikuwahi kuzimwa tangu siku ile, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata kwa kitambaa cha vumbi.

Adui yake mkubwa kijiweni alikuwa Osia Mwaisumo, fundi wa minara, aliyehamia kutoka Mbeya baada ya maporomoko. Osia hakuwa na kituliza. Alikuwa pia mtu pekee Lwangisi aliyelipia kila programu aliyotumia, hata ile ya kuwashia tochi.

"Wizi ni wizi," Osia alikuwa akisema Subilaga alipofika. "Mtu kakesha miaka akiandika kitu, wewe unakibeba bure halafu unajiita mkombozi."

"Nimebeba nini?" Ambwene aligeuza hindi. "Nikija kwako kuchukua kaa la moto, moto wako unapungua? Umewahi kusikia jirani anadai leseni ya kaa?"

"Kaa hakuliandika mtu."

"Na huyo aliyeandika alishalipwa mshahara wake. Anayetudai ni aliyemwajiri."

"Basi andika yako."

"Nitaandika ukishanionyesha shule ya kuniandaa iliyobaki imesimama."

Alisema hivyo bila kubadilisha sauti. Mke wa Ambwene, Tumpe, alikuwa mwalimu katika shule ile, na watoto wao wawili walikuwa wanafunzi. Ambwene alitafuna hindi lake akamtazama Osia, akisubiri hoja nyingine, maana mjadala ulikuwa bado haujaisha kwa upande wake.

Subilaga aliketi juu ya ndoo, akawaeleza alichokisoma. Hakuchukua muda mrefu.

"Kwa hiyo?" Ambwene aliuliza.

"Kwa hiyo hatukuiba leseni, kaka. Tuliiba kesho. Dawa ilikuwa na mwisho, sisi tukaukata."

"Walikuwa wanauza nyongeza. Usisahau. Ukitaka mwaka wa pili, lipia. Hawakuwa malaika."

"Hawakuwa. Lakini zile tisini za kwanza zilikuwa za kweli."

Ambwene alifikiri. Alikuwa mtu mwenye akili kali, na akili yake haikuwa imezibwa, ndiyo maana ubishi ulibaki kitu alichokipenda, kama alipenda chochote. "Mimi sigusi kinachofanya kazi," alisema.

Osia akatupa gunzi. "Kinafanya kazi? Ambwene, mwaka jana nilikuja msibani kwa mama yako. Mama yako mzazi. Watu mia wamekaa kwenye mikeka wanaongea bei ya mbolea. Nililia mimi, mtu wa kuja, nilikuwa nimekula kwake mara mbili tu. Mkaniletea maji, mkaniuliza kama naumwa. Halafu wewe ukanitania kuhusu leseni ya tochi, jeneza liko pale." "Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu tuhame. Futeni huo mstari. Leo, sasa hivi."

"Ukifuta," Ambwene alisema polepole, "unawaamsha mamia ya watu bila kuwauliza. Huo nao si wizi? Wewe unayetaka idhini hata ya kuwasha tochi."

Osia alichukua hindi jingine, akaliweka kwenye makaa.

"Tuwaulize basi," alisema baadaye. "Tuite mkutano."

"Watasema tuache. Mtu asiyesikia njaa atapigia kura chakula kwa sababu gani? Wataona maneno ya Mama Gwakisa ni ya kweli, watashukuru, watarudi kuchuma chai." Ambwene alimgeukia Subilaga. "Na wapo wengine. Mimi kabla ya hii chembe nilikuwa nimeshaamua. Unajua nilikuwa nimeamua nini, maana ni wewe uliyenikuta na kamba mkononi. Ukinifungulia mlango, unaweza kuapa sitaamua tena?"

"Siwezi."

"Basi."

Moshi wa mahindi uliwazunguka. Kitu kilichokuwa kibaya kuliko vyote, Subilaga alikiona, ni kwamba wawili kati yao, yeye na Ambwene, walikuwa wakijadili jambo hili kama wanajadili waya wa aina gani utumike. Ikiwa angeamua kwa hali aliyokuwa nayo, angekuwa kipofu anayechagua rangi ya nyumba ya watu wengine. Ikiwa asingeamua, alikuwa ameamua tayari, kila alfajiri, seva ilipojibu.

"Ambwene, nani alinifundisha kwamba badiliko lolote linaanza kwenye mashine ya yule aliyeliandika?"

Ambwene aliacha kutafuna. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, na alikuwa ameshawahi kumfukuza fundi kazi kwa kuivunja. Hakuna kupeleka kitu kwa watu kabla hakijakaa kwako kikakuuma wewe kwanza.

"Fungua saa yangu peke yangu," Subilaga alisema. "Siku moja kwa siku moja, mpaka tisini. Nikifika huko nikiwa mzima, nitakuwa mtu anayeweza kuulizwa swali hili. Sasa hivi siwezi."

"Na usipokuwa mzima?"

"Mtajua pia."

*

Jumatatu asubuhi Ambwene aliketi kwenye kiti chake na Subilaga akasimama nyuma. Chembe ya Subilaga ilikuwa na namba yake kama zote. Ambwene aliitoa kwenye lile jibu la uongo, akaitengea jibu lake, ambapo seva ingehesabu siku kwenda mbele. Kisha wakabadilisha nywila ya seva nzima; Ambwene akaiandika peke yake, Subilaga akiwa ameangalia ukutani ili asiijue.

"Nikija kukuomba unirudishe," alisema, "usinirudishe."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia. Ukiona nakaribia kuamua kama ulivyoamua wewe, hapo mwite Osia, mtajua la kufanya. Lakini kulia tu, hapana."

"Sawa," alisema Ambwene, kama aliyeagizwa sukari.

Wiki za kwanza hazikuleta huzuni. Zilileta hasira, na hasira za kijinga. Feni ya chumba cha mitambo ilikuwa inalia tangu zamani. Asubuhi moja aliipiga kwa kiatu. Chai aliyozoea kunywa akagundua ina moshi, na ilikuwa na moshi miaka yote mitatu. Watu walimchosha. Alimsikia mwanamke sokoni akieleza kifo cha mumewe na bei ya nyanya kwa pumzi moja, akatamani kumtikisa mabega. Alilala vibaya. Alianza kuota, na ndoto zilikuwa za udongo, lakini akiamka hakukumbuka vizuri.

Osia alikuwa akipita kila siku na kisingizio kipya. Mara anakagua antena, mara ameleta ndizi. Mke wake alituma uji. Subilaga alikuwa hajawahi kumpenda Osia wala kumchukia, na sasa akajikuta akingoja hatua zake nje ya mlango. Lilikuwa jambo dogo, na lilimwogopesha.

Kisha ikaja asubuhi ya ufagio. Alikuwa amefagia sebule, amefika mlangoni, na mkono ulikataa kuzunguka. Alisimama pale ameshika ufagio. Buti zilikuwa ndogo mno. Hilo ndilo lilikuwa wazo lake la kwanza, kwamba ni ndogo mno kuliko alivyozijua. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa sababu Gwakisa alitembea akiuangusha mguu huo nje kidogo, na yeye alikuwa amepanga kumpeleka hospitali aangaliwe, na alikuwa amelisahau hilo kabisa. Akainama akazinyanyua. Kitu kikagonga ndani ya moja. Akaimimina, vikatoka vizibo vya soda, vingi, vilivyonyooshwa kwa jiwe vikawa bapa, hazina ya mtoto aliyejua mama yake hawezi kutafuta ndani ya buti.

Hakukumbuka alivyofika chumba cha mitambo. Wengine walimweleza baadaye kwamba alipita barabarani bila viatu akiwa na buti moja kifuani, na watu waliacha njia wakampisha kwa adabu.

"Nirudishe," alimwambia Ambwene. "Rudisha. Nimeshajaribu, haifai, haifai kwa mtu yeyote. Andika hiyo nywila."

"Ulisema hapana."

"Aliyesema hapana alikuwa hajui kitu! Alikuwa mti. Ambwene, nakuomba. Nakuomba kwa jina la Tumpe."

"Ulisema hata ukilia."

Alimpiga. Alimpiga kwa mikono yote miwili, kifuani na usoni, akamtukana matusi ambayo hakujua anayajua, na Ambwene alikaa akipokea. Hakukasirika. Subilaga alipochoka, Ambwene alisimama akamletea maji kwenye kikombe, akarudi kwenye kiti chake na kukaa kati yake na kibodi. Ilikuwa rahisi sana kwake. Subilaga aliliona hilo hata katikati ya kilio, kwamba hakuna binadamu mwenye moyo wazi angeweza kuitunza ahadi ile, na kwamba alikuwa amemchagua mlinzi kwa sababu hakuna kilichokuwa kinamgusa. Alimwonea huruma mpaka ikamuuma tofauti na uchungu wake.

Ambwene alikuwa anamtazama kwa makini.

"Ikoje?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo. Mimi Tumpe namkumbuka kila kitu. Sauti, mwandiko, alivyokuwa anakunja kanga. Hakuna kilichopotea. Ila ni kama nasoma faili la mtu mwingine." Alifuta damu kidogo mdomoni, akaiangalia. "Ningekuwa naweza kuogopa hiyo uliyonayo, ningeogopa. Nikikutazama najua kwamba inanisubiri."

Subilaga alikaa chini sakafuni, buti mapajani, akalia mpaka Osia akaja, na Osia, ambaye hakuambiwa kitu, alivua kandambili zake, akaketi pembeni yake, akalia naye.

*

Chembe ilivyozidi kulegea, Subilaga alijifunza kwamba huzuni haikuwa ukuta unaoanguka kila siku upya. Kulikuwa na asubuhi za kupumua. Aliosha buti. Vizibo akaviweka kwenye bakuli dirishani. Alicheka mara moja, kwa jambo ambalo Gwakisa aliwahi kumwambia mchungaji, akacheka peke yake jikoni mpaka akashika meza. Uzito ulikuwapo, wala haukuondoka. Lakini alikuwa ndani yake yeye mwenyewe, na mtoto wake alikuwa ndani humo pia, akitembea na mguu wake wa kuangukia nje. Miaka mitatu hakuwa naye hata kidogo.

Bado hakujua la kufanya kuhusu wengine. Kuna jioni alitaka kufuta mstari mara moja awaokoe wote, na kuna jioni aliapa hatamfanyia hivi hata adui. Nywila alikuwa nayo Ambwene. Alishukuru.

Ilikuwa katika wiki ya mwisho ya zile tisini, mchana, alipoitwa kituo cha kupimia chai kwa sababu mizani ya umeme ilikuwa inadanganya. Wachumaji walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao, wanaongea kwa sauti zao za sawasawa. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mizani, mikono ndani ya waya, mtu alipomwita kutoka mbali.

"Mama Gwakisa!"

Alikuwa ameitwa hivyo maelfu ya mara. Kila mtu alimwita hivyo. Hata risiti za pampu ziliandikwa hivyo. Miaka mitatu jina lile lilipita masikioni mwake kama jina la barabara. Sasa lilimfikia zima, na mtoto akiwa ndani yake.

Bisibisi ilimdondoka. Alikaa chini kwenye majani ya chai yaliyomwagika, akafunika uso, na sauti iliyomtoka ilifanya foleni nzima inyamaze. Walimtazama. Mzee mmoja alileta kigoda, akakiweka karibu naye kwa upole, akarudi kwenye nafasi yake.

Mama Ikupa ndiye aliyekuwa ameita. Alikuja akachuchumaa mbele yake, mtoto ubavuni.

"Nimesema kitu kibaya?"

"Hapana."

"Nimesema nini?"

"Umeniita," alisema Subilaga. "Niite tena."

"Mama Gwakisa," alisema.

Subilaga aliitika. Aliitika kwa sauti, kama mtu anayeitwa kutoka nyumba ya pili, na machozi yakaendelea kumtoka, wala hakuyazuia. Mtoto aliunyoosha mkono akayagusa, akacheka kwa kushangaa umajimaji ule. Mama Ikupa aliuangalia ule mkono mdogo.

"Yanauma?"

"Yanauma sana. Sitakudanganya. Ambwene alinifungulia saa ya kituliza, ikaanza kuhesabu siku; yenu bado iko siku ya kwanza. Kuna siku nilimpiga nikitaka anirudishe."

"Lakini unaitika."

"Ndiyo."

Mama Ikupa aliketi juu ya majani, akamhamishia mtoto mapajani. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kuongea tena, mambo ya mvua na mbolea.

"Na mimi niite," alisema.

Subilaga alijua anachoombwa. Ikupa na Gwakisa walikuwa darasa moja, dawati moja la mbele, kwa sababu wote wawili walikuwa wafupi. Alipangusa uso.

"Mama Ikupa."

Yule mama aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alisikiliza kwa bidii yote, macho amefumba, kama mtu anayetega sikio kwenye ukuta wa nyumba ya jirani. Akangoja. Mtoto akamvuta kanga. Hakuna kilichokuja.

Alifumbua macho, akamtazama mtoto ambaye hakuwa na jina, kisha akamrudisha mgongoni na kumfunga vizuri.

"Kesho asubuhi nitakuja ofisini," alisema. "Mwambie Ambwene anianzishie siku ya pili."